Barafu ya Damaris

Pale Muyeye, ukitaka kujua nani kaposwa, nani kaachwa, na nani anamdanganya mkewe kwamba bado yuko kazini Mtwapa, hukuwa na haja ya kuzunguka. Ulikwenda kwa Mapenzi, mke wa Randu, ukaketi jamvini, ukamiminiwa chai, na kabla kikombe hakijapoa ulikuwa umeshajua ya leo na ya kesho.

Wala usidhani alikuwa akichungulia madirisha ya watu. Habari zilimpandia zenyewe garini.

Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, la umeme, na halikuwa na mngurumo hata chembe. Lilikupita kama paka. Watu wakalipa jina, Kimya. Sasa mtu aliyezoea magari ya petroli amezoea pia kunong'ona chini ya kelele za injini. Wanawake wa Muyeye wakipanda kiti cha nyuma walinong'ona kwa kipimo kile kile cha siku zote, na Mapenzi mbele, macho barabarani, mikono kwenye usukani, akapokea kila neno na nukta yake. Hawakugundua. Walidhani ana kipaji.

Kimya hakuanguka kutoka mbinguni. Baba yake Mapenzi alipofariki aliacha minazi, na kila mtoto akapata fungu lake. Ndugu zake walishikilia minazi yao. Mapenzi akauza ya kwake, akaitwa mpotevu, akaambiwa marehemu atageuka kaburini, naye akanunua gari. Fundi aliyemkabidhi ufunguo alimpa onyo moja tu.

"Dada, betri ndiyo roho ya hili gari. Ukilikimbiza hovyo, betri ikapata moto, inapungua nguvu, na nguvu hiyo hairudi. Ukiona picha ya kobe imewaka hapa mbele, ujue umeitesa."

Mapenzi alilishika neno hilo kama amri ya dini. Kimya alilala kivulini. Hakuchajiwa jua likiwa kali. Hata magari ya mawe yalimpita barabarani, na madereva wakamtolea Mapenzi mkono dirishani wakimcheka. Kila alfajiri alipakia wauza samaki na wauguzi, akawafikisha Kilifi, akarudi na abiria wengine, na betri ikamfikisha nyumbani ikiwa inapumulia juu juu. Safari hiyo ndiyo iliyolisha nyumba na kusomesha watoto. Betri ikipungua kidogo tu, Kilifi haifikiki tena, na nyumba nzima inakaa chini.

Randu, mumewe, zamani alikuwa akiwaendesha watalii wa hoteli moja kwenye gari la wazi, kofia upande, miwani nyeusi, na Waitaliano wakimpigia makofi kila anaporuka tuta. Hoteli ilipofungwa, kazi yake ikawa kulinda waya. Ndiyo, waya. Kimya akichajiwa, waya ulipita dirishani hadi uani, na lazima mtu aketi pale mbuzi wasije wakautafuna. Vijana wa maskani wakamwita Bwana Waya. Randu alicheka nao, lakini kile kicheko kilikuwa cha mtu aliyekanyagwa kidole harusini.

Na alikuwapo Damaris. Kwao ni bara, Vihiga, lakini miaka yake ya Muyeye ilikuwa mingi kiasi kwamba alikuwa anawafundisha Wapwani kukaanga samaki. Alikuwa muuza samaki, jirani wa ukuta mmoja, shoga wa chanda na pete. Ukutani walikuwa wametoboa kilango kidogo ili wasizunguke njiani kwa ajili ya kijiko cha sukari. Mapenzi alipojifungua mwanawe wa pili, Damaris ndiye aliyemkanda. Kimya alipoletwa, Damaris ndiye abiria wa kwanza, na alitandika leso yake kitini asije akaliachia gari harufu ya nguru.

Ijumaa moja jioni Randu alimjia mkewe jikoni, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Mke wangu, mama macho yanamsumbua. Kuna madaktari wanapima Kilifi kesho. Nilikuwa naona nimpeleke."

Mapenzi alifurahi mpaka akaweka mwiko chini. Tangu awe mke wa nyumba ile, hajawahi kumwona Randu akimkumbuka mamake bila kukumbushwa. Akakubali pale pale. Watoto walikuwa kwa dada yake Marereni, abiria wa Jumamosi ni wachache, gari litapumzika kidogo kwa kubeba mtu mmoja. Alfajiri aliamka akakanda unga, akachoma mahamri, akafunga mbaazi kwenye bakuli, akaweka mto kiti cha mbele kwa ajili ya mgongo wa mavyaa yake, mamake Randu.

Ndipo Damaris akapita kilangoni na maboksi ya barafu.

"Bwana Randu, nibebe mpaka Tezo, nina samaki wa harusi."

"Barafu yote hii?" Mapenzi akauliza. "Kwani anaolewa papa?"

Damaris alicheka, lakini aliangalia chini. "Wewe nawe! Jua si unaliona? Hebu niazime na ile chumvi yako ya Marereni, barafu izidi baridi."

Shemeji yake Mapenzi alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi, na nyumbani mfuko haukukosekana. Mapenzi mwenyewe alikwenda kuuleta. Yeye mwenyewe aliinua boksi upande mmoja, Damaris upande wa pili, wakayasukuma yote nyuma ya gari. Akamwamkia mavyaa yake shikamoo, akamfunga mkanda, akampa bakuli la mbaazi mapajani. Bibi aliitika marahaba huku ametazama nje ya dirisha. Mapenzi akasema moyoni, masikini, hata mimi hanioni vizuri.

Wakaondoka. Kimya akapinda kona bila sauti.

Jumamosi ilikuwa siku ya ua wa Mapenzi kujaa. Baada ya adhuhuri walikuja kusukana, kuchambua mchele, kumchambua fulani. Siku hiyo alitandika jamvi, akachemsha birika kubwa, akangoja. Chai ikapoa. Akaipasha. Ikapoa tena. Akampigia simu huyu, haikushikwa. Akampigia yule, ikakatwa. Akatoka hadi njiani. Muyeye ile ambayo huwezi kupiga chafya pasipo watu kumi kukuombea afya ilikuwa tupu. Vyombo vimeanikwa, milango ina makufuli, kuku ndio wenye mji.

Akaona labda pametokea msiba na yeye amepitwa. Wazo hilo likamtia aibu kuliko hofu. Yeye, Mapenzi, apitwe na msiba! Akaenda mbio kibandani kwa Kalume fundi cherehani.

Kalume alikuwa ameegemea mashine yake, macho mekundu kwa usingizi.

"Kalume, watu wamekufa wapi?"

"Wafe? Wamekwenda kushangilia." Akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kwa zile nguo zake za nyumbani. "Na wewe mbona bado uko hapa?"

"Kushangilia nini?"

"Alaa! Si gari lenu liko mashindanoni leo? Pale Tezo, kwenye ule uwanja wa ndege wa zamani wa shamba la katani. Kila mtu anakuja na gari lake la kila siku, anajipima. Randu amekwenda na Kimya. Mimi nimeshona sare mpaka vidole vimekufa ganzi."

Chini ya meza vilikuwapo vipande vya leso, vyekundu na vyeusi, vilivyobaki baada ya kukatwa. Mapenzi akainama akakiokota kipande kimoja chenye maandishi. CHETU NI CHETU.

Pwani yetu, mtu akiwa na jambo, watu wake huvaa leso ya namna moja. Ukiivaa, uko naye. Asiye na sare ni mpita njia, na awe amezaliwa nyumba hiyo. Mapenzi alijua sare ya kila harusi Muyeye kabla bibi harusi hajaijua. Hii alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza, na ni ya gari lake.

"Yangu je?" akauliza.

"Yako nilikungoja uje nikupime. Nikamuuliza Damaris. Akasema yako anaishona yeye kwa mkono, iwe ya peke yake, maana wewe ndiye mwenye gari." Kalume akaanza kuona jambo. Akashusha sauti. "Mapenzi... kwani hauko kwenye lile grupu la simu?"

"Grupu gani?"

Kalume akainamia cherehani akaanza kutafuta uzi ambao ulikuwa mbele yake.

Stendi alimpata Eugene wa bodaboda amelala juu ya pikipiki.

"Tezo? Dada, hiyo si safari ya boda, hiyo ni hija."

"Amka twende."

"Kuna nini huko?"

"Kuna mume wangu, kuna mavyaa yangu, kuna shoga yangu," Mapenzi akasema. "Kila mtu yuko huko."

Njia nzima alikishika kile kipande cha leso ngumini, upepo ukikigombania. Gede ikapita, Matsangoni ikapita. Alikuwa akilipigia hesabu jambo moja tu, na hesabu yenyewe ilikataa kukaa sawa. Mahamri. Ule mto wa mgongo. Chumvi. Kila kilichopakiwa asubuhi ile, alikibeba mwenyewe.

Uwanja ulikuwa na watu kama siku ya mnada. Vijana wa Mombasa na Mtwapa na magari yaliyoshushwa tumbo karibu na ardhi, mabomba ya moshi kama vinu. Mapipa yalipangwa kuonyesha njia ya kuzunguka. Wauza miwa, wauza mihogo, na jamaa mmoja mwenye spika juu ya lori, mdomo haufungi. Na upande wa kivuli, wamejipanga kama ukuta mwekundu, wanawake wa Muyeye. Wote. Ukuta mzima umeandikwa CHETU NI CHETU, makalioni na mabegani.

Mbele kabisa, juu ya kiti cha plastiki, aliketi mavyaa yake, sare imemkaa, bakuli la mbaazi mapajani limekwisha. Na katika umati wote ule, aliyemwona Mapenzi kwanza, toka mbali, toka kule zinakosimama pikipiki, alikuwa ni yeye, yule mgonjwa wa macho. Alimwona, akamgusa aliye karibu. Aliye karibu akamgusa wa pili. Ule ukuta mwekundu ukaanza kunyamaza kuanzia mbele kwenda nyuma.

Lakini mwenye spika hakujua kitu. "Mabibi na mabwana, kutoka Muyeye, Malindi, gari la sokoni, gari la kliniki, gari la umeme! Tokeni za stima zikimwishia njiani tumchangie! Usukani kwa Randu!"

Mapenzi akageuka. Kimya alikuwa kwenye mstari, namba imebandikwa mlangoni, leso imefungwa kwenye boneti kama kilemba. Kando yake gari la kijana wa Mtwapa linanguruma mpaka mchanga unacheza. Randu alikuwa amevaa ile kofia yake ya zamani, upande. Bendera ikashuka.

Na Kimya akaruka. Jamani, akaruka! Lile la Mtwapa bado linapiga kelele, linatafuta gia, Kimya ameshafika pipa la kwanza, hakuna sauti, ni tairi tu zikisema shiii juu ya lami kuukuu. Akapinda, akanyooka, akapinda. Uwanja mzima ukasimama. Mapenzi alihisi kigelegele kinampanda kooni, chake, cha gari lake, cha minazi ya baba yake, na ilimbidi ajizibe mdomo kwa kile kipande cha leso. Hilo ndilo jambo ambalo hakujisamehe baadaye, kwamba alikaribia kupiga kigelegele.

Randu akamaliza mbele. Akasimama kivulini kupumzisha gari kabla ya mzunguko wa mwisho. Hapo ndipo Mapenzi alipoiona ile barafu.

Damaris alitokea na beseni. Nyuma yake wanawake watatu na mabeseni mengine. Wakafungua milango yote minne.

"Mwaga chini, chini ya miguu!" Damaris alikuwa akiamuru kama yuko sokoni. "Betri iko chini ya sakafu, mwenyewe ameniambia mara ngapi! Leta chumvi, chumvi inaongeza baridi!"

Ni kweli alikuwa amemwambia. Kwa mapenzi na majivuno, mara mia, kilangoni pale, jinsi betri ilivyo chini, jinsi inavyochukia joto. Na Damaris alimpoza Kimya kwa njia aliyoijua, njia ya kumpoza nguru, tabaka la barafu, konzi za chumvi, tabaka la barafu, vikaendelea hadi chini ya viti.

"Msimwage! Damaris! Msimwage!" Mapenzi akakimbia akipasua watu. Spika ikamfunika. Milango ikafungwa. Randu akamwona, macho yao yakakutana kupitia kioo cha mbele, kwa muda wa kupepesa tu. Kisha akageuza uso, akaenda mstarini.

Alimwona. Hilo litabaki. Alimwona akaenda.

Mzunguko ule Kimya aliuanza vizuri. Kwenye pipa la tatu akalegea kama mtu aliyeitwa na usingizi. Kwenye la nne akawa anatambaa. Ndani, Mapenzi alijua bila kuambiwa, kobe amewaka. Kisha katikati ya uwanja, juani, gari likasimama na taa zake zote za mbele zikawaka kwa pamoja na kuzimika.

"Tokeni zimekwisha!" ikapaza spika, na uwanja ukaangua kicheko.

Fundi wa mashindano aliitwa Gerishom. Aliinua kapeti la nyuma, chini kukawa na dimbwi la kijivu, magamba yanaelea. Katikati ya dimbwi ilikuwa plagi kubwa ya nyaya za rangi ya chungwa. Akachovya kidole, akakilamba, akatema.

"Chumvi," akasema. "Nani ametia chumvi kwenye gari?"

Damaris alikuwa ameshika beseni tupu kifuani.

"Plagi tutaisafisha, pengine litawaka tena wiki ijayo," Gerishom akamwambia Mapenzi, maana watu wote walikuwa wamesogea nyuma na yeye tu ndiye aliyebaki karibu. "Lakini betri imechemka, mama. Ilichemka kabla ya hiyo barafu. Mjini na kurudi, sawa. Kilifi uisahau."

Mapenzi akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Akafunga mlango wa gari polepole. Randu alikuwa amesimama upande wa pili, kofia mkononi, na kwapani kikombe cha bati cha rangi ya dhahabu walichompa kwa kumshinda yule wa Mtwapa.

"Mama alipona macho?" Mapenzi akamuuliza.

"Mapenzi, nisikilize. Siku moja tu. Nilitaka siku moja niitwe kwa jina langu. Umesikia walivyolitaja?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa!"

"Ndiyo. Ningekataa." Akamtazama. "Ndiyo maana ya kuwa langu, Randu. Kwamba naweza kukataa."

"Mkaza mwanangu," mavyaa akaingilia kutoka kitini, "usimvunjie mume heshima mbele za watu. Nyumbani kuna milango."

"Shikamoo mama," Mapenzi akasema. "Hujambo macho?"

Bibi akajifunika leso kichwani.

Ndipo akamwendea Damaris. Wale wengine, alikuwa ameshajua, wangemuuma, kisha wangepoa. Mume hutaka sifa, mavyaa hukaa upande wa mwanawe, hayo yamo hata kwenye nyimbo za unyago. Lakini huyu mwenye beseni alikuwa hana pa kuwekwa.

"Leso uliichagua wewe?"

"Wewe Mapenzi, si ningekuambia..."

"Wewe ndiye uliyewaambia wasinitie kwenye grupu?"

"Mumeo aliniomba. Aliniomba akilia, mwanamume mzima, pale kilangoni. Ningefanya nini? Na ukweli nikuambie, mdomo wako tunaujua wote. Siri ikikuingia asubuhi, saa sita iko sokoni. Tungekuambia wewe, ingekuwa tumeiambia Malindi yote!"

Baadhi ya wanawake wakaguna. Mmoja akasema kweli. Mapenzi akaliacha lile neno lipite, maana lilikuwa la haki.

"Ya watu nimesema," akajibu. "Ya huyu nimesema, na ya yule pale, na ya mavyaa yangu pia. Sasa hebu nitajie yako. Miaka yote hii, Damaris, na yote unayoyajua kwamba nayajua. Ni ipi yako niliyoitoa?"

Damaris akafungua mdomo. Watu wakangoja, maana wangependa sana kusikia. Akaufunga. Akatafuta tena. Akainamisha lile beseni, maji ya mwisho yakadondoka miguuni pake.

"Basi," Mapenzi akasema.

Lori lililowaleta wanawake ndilo lililotolewa limkokote Kimya hadi Malindi. Gerishom aliwasha betri ndogo ya taa na vioo, akafunga kamba mwenyewe, akasisitiza dereva aende mwendo wa maiti, mota isije ikaungua nayo. Lazima mtu akae kwenye usukani wa gari la nyuma, kunyoosha na kushika breki.

"Nitakaa mimi," Randu akasema.

Mapenzi aliingia, akafunga mlango, akabonyeza kufuli. Maji ya samaki yakamfika vifundoni. Ule mto wa mgongo ulikuwa bado upo kiti cha kando, umelowa. Randu akaenda akapanda lorini na kikombe chake.

Kamba ikakaza. Wakaingia barabara kuu.

Sasa lori lile lilikuwa wazi nyuma, na wanawake walipanda wakasimama kama walivyozoea, wameshika vyuma, wakitazama walikotoka. Na walikotoka ndiko alikokuwa Mapenzi. Ikawa wao juu na sare zao, yeye chini nyuma ya kioo na nguo zake za nyumbani, na kati yao urefu wa kamba tu. Hakukuwa na wa kumkimbia mwenzake. Wakipinda kona, anapinda nao. Randu aliketi sakafuni, kofia tu ikionekana. Damaris alisukumwa na wingi wa watu hadi ukingoni kabisa, akabaki hapo uso kwa uso, na kila lori lilipoyumba ilikuwa kama anamwinamia.

Walipofika Matsangoni mmoja akamwinamia mwenzake sikioni. Mwenzake akamgeukia wa tatu. Baada ya kitambo midomo yote ilikuwa inakwenda, vichwa vinatikiswa, mikono inapigwa kinywani. Mapenzi aliijua kila ishara. Ile ni ya kusema *si nilisema*. Ile ni ya *na yeye naye amezidi*. Aliwatazama akawatazama. Lori lilikuwa na mngurumo mkubwa, upepo ulikuwa mwingi, vioo vyake vimefungwa. Hakusikia hata neno.

Damaris peke yake hakumgeukia mtu. Alikuwa amemkodolea Mapenzi macho, na mara moja, karibu na Mida, aliinua mkono akaufungua, akasema kitu kifupi, polepole, kwa midomo mikubwa kama anayesema na kiziwi. Huenda lilikuwa neno la kuomba. Huenda alikuwa akimwonya kwamba kamba inalegea. Mapenzi angeshusha kioo kidogo tu angelijua.

Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Kikakaa hapo mpaka Gede, ambako watu walitoka madukani kuja kuangalia, na wanawake wa lorini wakaanza kuwapigia kelele, wakiwahadithia mbio zote tangu bendera, wakishindana nani aanze. Mapenzi akarudisha mkono kwenye usukani, akanyoosha tairi, akakanyaga breki kidogo ili kamba isilegee.